Nyumba ya Milango Miwili

Mwezi uliopita nilipeleka gari gereji, hapa Iringa, na fundi akamwaga oili chafu kwenye ndoo karibu na miguu yangu. Akaniomba radhi, akidhani nimekasirika kwa ajili ya viatu. Mimi nilikuwa nimesimama pale siwezi kusogea. Nikamwambia aiache ndoo hapo hapo ilipo, kwanza aniache nivute pumzi, naye akanitazama kwa jicho la mtu anayejiuliza kama huyu mama yuko sawa. Sikuwa sawa. Baba yangu alifariki mwaka jana, na harufu yake haikuwa ya sabuni wala ya manukato. Ilikuwa harufu ya oili chafu iliyopakwa kwenye mbao za paini.

Wenzangu wa rika langu mnaielewa harufu hiyo. Kabla dawa za mchwa hazijajaa madukani, seremala anayejiheshimu alikusanya oili chafu kwa madereva wa malori, akaijaza kwenye madumu, akaipaka mbao zake mara mbili mara tatu mpaka zikawa nyeusi, na mchwa akapita mbali. Baba alikuwa seremala Mbeya mjini. Nyumba aliyoipaka kwa moyo wote kuliko nyingine zote aliijenga mwenyewe kando ya Ziwa Nyasa, upande wa Matema, pale milima inaposhuka karibu iingie majini. Nilikaa katika nyumba hiyo tangu nilipoanza shule mpaka meno yangu ya mbele yalipong'oka na kuota mengine. Ukiniuliza nimekulia wapi, Mbeya siitaji.

Mama yupo, anaishi nami, na nusu ya ninayoyasema hapa atayabisha. Na abishe. Yeye anakumbuka mbu, mimi namkumbuka baba.

Tulihamia kule kwa sababu ya Babu, baba yake baba. Bibi alikuwa amefariki, na macho ya Babu yalikuwa yanafifia taratibu mpaka akawa anaona mwanga na vivuli tu. Kwanza baba alijaribu kumleta Mbeya. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vyenye mlango mmoja na korido nyembamba, na hapo ndipo palipokuwa na kazi, kwa sababu kwa sisi Wanyakyusa mkamwana, yaani mke wa mwanao, hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hampi mkono, hasemi naye ana kwa ana, hakai naye chumba kimoja, hata jina lake halitaji. Wakikutana njiani, mwanamke anaacha njia, anachuchumaa, anageuza mgongo na kujifunika kitenge mpaka mzee apite. Siku hizi wengi wamelegeza. Babu hakulegeza hata kidogo. Muda wote aliokaa Mbeya alishinda kwenye benchi la kinyozi wa jirani, jua liwake, mvua inyeshe, ili mama apate kupika na kufagia bila kubanwa. Kinyozi alidhani ni mteja aliyeshindwa kuamua anyolewe vipi. Wiki haikuisha, Babu akasema anataka kurudi ziwani kwake.

Mama naye ni Mhehe wa Igowole, huko Mufindi kwenye ukungu na mashamba ya chai. Kwao heshima ipo, tena tele, lakini haina kuchuchumaa nyuma ya migomba. Aliifuata desturi ile kwa sababu alimpenda baba. Baba alilijua hilo, na lilimkosesha raha. Shida yake miaka ile ilikuwa moja tu: awaweke baba yake na mke wake chini ya bati moja, na asimpoteze hata mmoja wao. Baba Mkubwa, kaka yake mwenye duka Tukuyu, alisema haiwezekani, mzee aletwe kwake kwenye nyumba ya uani. Babu akajibu kwamba Tukuyu mvua inamfuata mtu mpaka ndani ya shuka, haendi.

Basi baba akafunga karakana yake ya mjini, akapakia mbao kwenye lori, akatujengea nyumba ya ajabu. Ukiwa mbali uliona nyumba moja ya mbao, imeinuliwa juu ya nguzo kimo cha goti, na bati lake jipya linakuumiza macho. Ukiingia ulikuta ni nyumba mbili. Katikati ulipita ukuta wa mbao kutoka sakafuni mpaka darini, na haukuwa na mlango. Upande wa Babu mlango wake uliangalia ziwa. Upande wetu mlango uliangalia milima na jiko. Mtu wa kwetu akitaka kwenda kwa Babu alizunguka nyumba nzima. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Hakuna aliyenieleza. Watu wazima husahau kueleza mambo wanayoyajua sana. Mimi niliona mama akimkimbia Babu, nikamwona Babu akisimama mbali na kukohoa kabla ya kuikaribia nyumba, nikauona ukuta usio na mlango, na kwa akili yangu ya darasa la kwanza nikajumlisha: hawa wawili wamegombana ugomvi mkubwa, na baba amejenga ukuta wasipigane. Nikamwonea baba huruma. Nikaamua kumsaidia.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka chakula na maneno. Babu akishakula ananiambia, "Tusa, mwambie mama yako mbalaga ya leo imeiva vizuri." Mbalaga ni ndizi zetu za kupika, na mama alikuwa ametumia asubuhi nzima kujifunza kuzipika kwa jirani. Mimi natoka mbio, nazunguka nyumba, nafika kwa mama nahema.

"Mama, Babu anasema hajawahi kula mbalaga tamu hivi tangu azaliwe. Anasema hata Bibi hakuweza."

Mama anainamia ungo wake wa mchele, mabega yanatikisika. Nikadhani analia kwa majuto.

"Mwambie babu yako ahsante. Jioni kuna samaki."

Mbio tena mpaka upande wa ziwa. "Babu, mama anasema amekuchagulia samaki mkubwa kuliko wa baba. Na anaomba msameheane."

Hapo Babu alikuwa anashikwa na kikohozi kirefu cha ajabu, anajifuta machozi kwa mkono wa koti, kisha ananituma kwa sauti nyembamba nikamwambie mama yangu kwamba ameshasamehe. Kila siku ilikuwa hivyo. Nilikuwa najiona mwanadiplomasia. Nililala usingizi mzuri sana miaka ile.

Baba aliziona safari zangu, hakusema kitu. Mchana kazini alikuwa mtu wa maneno machache, lakini kimya chake hakikumtisha mtu. Kalamu ya risasi ilikaa sikioni muda wote, hata kanisani mpaka mama amvute suruali, na mara moja aliingia nayo ziwani kuoga akatoka nayo. Watu wa pale walimlipa milango na madirisha kwa mchele, kwa ndizi, kwa samaki waliokaushwa, naye akapokea vyote kwa furaha ileile. Alipiga mluzi kupitia pengo la meno, wimbo mmoja tu, na hakuujua mwisho wake. Akifika pale anaposahau anarudi mwanzo. Mpaka leo sijui wimbo ule unaishaje.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuelea. Alinilaza juu ya maji, kiganja chake chini ya mgongo wangu, kigumu, kimejaa makovu ya patasi.

"Lala," aliniambia. "Unapambana na nini?"

"Nitazama, baba."

"Mimi nipo wapi?"

"Upo hapa."

"Sasa utazama uende wapi?"

Nikalegea. Nikaona mawingu na ncha za milima, na sikuhisi ni wakati gani aliutoa mkono. Nilipogundua alikuwa amesimama hatua kadhaa kutoka kwangu, mikono yote miwili juu hewani, anacheka kama aliyeelea ni yeye.

Jioni ndizo zilizokuwa zetu. Mama alikaa mlangoni kwake anachambua dagaa, Babu mlangoni kwake anasikiliza maji, hawaonani. Baba aliweka kigoda chake kwenye kona ya nyumba, pale ambapo akinyoosha shingo huku anamwona mkewe na akinyoosha kule anamwona baba yake. Hapo anasimulia habari za siku, za mteja aliyetaka kitanda kisichopita mlangoni kwake, au za mbuzi aliyekula kamba ya bendera shuleni. Kicheko cha mama kinatoka upande huu, cha Babu upande ule, na baba katikati anatabasamu, amekaa kwenye kigoda kisichoegemea kitu. Nimekaa hoteli nzuri za ziwani baada ya hapo, zenye viti vya kulala na juisi ya kuletewa. Hazina kona ile.

Lakini mama alikuwa anachoka. Siku moja alitoka ziwani na ndoo kichwani, akakata kona ya nyumba, na Babu huyo mbele yake, amejitokeza kimyakimya kunyoosha miguu. Mama akachuchumaa ghafla na ndoo ikaanguka. Maji yakamlowesha mpaka ndani. Babu akaganda pale, hajui aende mbele au arudi nyuma, anauliza kivuli, "Nani? Ni nani?" na mama hawezi kujibu.

Jioni ile nilimsikia akimwambia baba jikoni, "Baba Tusa, mimi nimechoka kuinama. Mvua hizi zikiisha naenda kwetu Igowole."

"Kupumzika?"

Mama akaendelea kusonga ugali.

"Utarudi?" baba akauliza.

Mama akaugeuza ugali, akaupakua. Baba akabaki ameshika kikombe kitupu. Mimi nikakesha macho wazi mpaka asubuhi, kwa sababu niliona wazi kwamba ugomvi umeanza upya, na safari hii mimi nimeshindwa kazi.

Kesho yake Babu akaniomba nimtafutie vizibo vya soda. Akavitoboa kwa msumari kwa kupapasa, akavifunga kwenye fimbo yake, na tangu hapo kila hatua aliyopiga ilisikika uani kote. Nilijua maana yake. Mzee anapiga njuga za vita.

Sasa naelewa, na mnaelewa pia. Mzee asiyeona alikuwa anamtengenezea mkwe wake nafasi ya kutoshtuka. Na ule ukuta nao niliuelewa nikiwa mtu mzima, nimeolewa, nilipomuuliza baba kwa nini hakuweka hata kidirisha. Tulikuwa tumekaa Mbeya kwake, anapiga randa kipande cha mninga. Hakuinua kichwa.

"Ule ukuta haukuwa wa Babu yako," alisema. "Babu yako angeweza kukaa hata kwa kinyozi. Ulikuwa wa mama yako. Nilitaka apate upande mmoja ambao anasimama wima siku nzima, anaimba, anavua kilemba, hana wa kumkimbia."

Nilimpenda baba siku hiyo kuliko nilivyompenda utotoni, na utotoni nilimpenda sana.

Mvua za masika mwaka ule zilikuja kwa hasira. Baba alikuwa amekwenda Mbeya kupeleka milango ya mteja, na barabara ikakatika nyuma yake. Mchana mmoja kijito kinachotoka milimani, ambacho siku zote tulikiruka kwa mguu mmoja, kikaacha njia yake. Maji mekundu yakaja yamebeba migomba mizima. Yakaingia chini ya nyumba, yakapanda nguzo, na mara tukasikia mlio kama mtu anavunja kuni kubwa, na upande wa Babu ukainama kuelekea ziwani.

Mama alinishika mkono tukatoka. Maji yalimfika yeye mapajani, mimi kifuani. Njia ya shule ya msingi, iliyokuwa juu kidogo kwenye mwinuko, ilikuwa bado inapitika. Majirani wote walikuwa wameshatimua mbio, na hapakuwa na mwanaume wa kumwita. Mama akasimama nje, mgongo wake umeelekea ukuta wa Babu.

"Mwite babu yako."

"Babu! Toka!"

"Mwambie mama yako aende na wewe," sauti ya Babu ilitoka ndani, imetulia kabisa. "Mimi nabaki na nyumba ya mwanangu."

"Mwambie babu yako," mama akapaza sauti kushinda mvua, "mwanawe akirudi nitamweleza nini?"

Mbao zikalia tena. Ndipo mama akafanya jambo ambalo sijawahi kusikia mwanamke mwingine akilifanya. Alifungua kitenge cha kichwani, akajifunga machoni mara mbili, akakaza fundo kisogoni.

"Mwambie sitamtazama," alisema. "Nishike mkono unipeleke mlangoni."

Nikamwambia Babu. Nikamwambia mama amejifunga macho na kitenge cha bluu. Kwa mara ya kwanza sikuongeza neno, sikuwa na nafasi. Mzee akasema taratibu, "Mwambie na mimi siku nyingi sioni. Basi aje."

Nilimpeleka mama mpaka ngazini. Akageuka, akainama, akampokea mzee mgongoni kama anavyobebwa mtoto mgonjwa, mikono ya Babu ikapita shingoni kwake, na uso wake mzee akaugeuzia pembeni. Kumwona kulikuwa kosa. Kumbeba sidhani kama desturi ilikuwa imefikiria hata kukataza. Nikashika pindo la gauni la mama, nikaongoza msafara. Mimi ndiye niliyekuwa na macho peke yangu.

Na hata hapo, maji yakituvuta miguu, hawakuacha.

"Tusa," Babu akasema juu ya bega la mama, mdomo wake karibu na sikio lake, "mwambie mama yako hapa kulia kuna kisiki, asijikwae."

Nikageuka. "Mama, Babu anasema kulia kuna kisiki."

"Mwambie babu yako," mama akajibu akihema, "kisiki amkumbushe mwenye macho."

Nikamfikishia. Babu akatingishika mgongoni kwa mama, na mama akaanza kutingishika chini yake, nikadhani wanalia tena. Walikuwa wanacheka. Wanacheka katikati ya mafuriko, mmoja amembeba mwenzake, na bado wanangoja mimi nirudie kila neno.

Barazani pa shule watu wote walituona tukija. Mama alimteremsha mzee kwenye benchi, akahesabu hatua zake kwa kupapasa ukuta mpaka mwisho wa baraza, akakaa akiutazama ukuta, ndipo akafungua macho. Wanawake wakamletea khanga kavu. Wazee wakatazamana.

Baba alifika kesho yake kwa miguu, tope mpaka kiunoni, viatu vimefungwa shingoni kwa kamba zake. Alinishika uso kwa mikono miwili, akanipapasa kichwa, mabega, mikono, kama anakagua kiti kilichoanguka kwenye lori. Mimi nilikuwa na habari kubwa kuliko mafuriko.

"Baba, wamepatana!"

"Akina nani?"

"Babu na mama! Wamepatana kabisa, mama amembeba!"

Nikamsimulia yote, tangu samaki na msamaha na mbalaga, jinsi nilivyowaunganisha kwa maneno mazuri siku zote hizo. Baba alikaa chini kwenye tope. Akaanza kucheka, cheko ambalo katikati yake liligeuka, akajifunika macho kwa mkono.

"Mwanangu," alisema, "hawajawahi kugombana. Na ule ni ukuta wa mbao. Babu akipiga chafya, mama yako anamwombea afya kimoyomoyo."

"Kwa hiyo walikuwa wananisikia?"

"Kila neno."

Nilikasirika siku nzima. Nusu ya utu wangu ilijengwa juu ya kazi ile.

Maji yalipopungua, Baba Mkubwa akafika na gari lake kutoka Tukuyu. Habari zilikuwa zimemfikia zikiwa zimenenepa njiani. Kikao kikakaa uani kwetu, mbele ya nyumba iliyoinama, kwenye mabenchi yaliyokuwa yanakaushwa juani. Alikuwepo Baba Mkubwa, wazee wawili wa pale, baba, na Babu mikono juu ya magoti, fimbo yake imekwenda na maji. Nikakaa miguuni pa Babu. Mama alikuwa nyuma ya migomba iliyobaki, amechuchumaa, ametupa mgongo.

"Mdogo wangu," Baba Mkubwa alianza, "jambo lililotokea hapa halisemeki. Mzee wetu amebebwa na mkamwana, mchana kweupe, shule nzima inatazama. Sisemi mkeo ana nia mbaya. Nasema nyumba hii imeshindikana. Nilisema mapema, na sasa hata Mungu amesema. Mzee anaondoka na mimi leo."

Wazee wakaguna kukubali. Nilimtazama baba. Kalamu haikuwepo sikioni, na bila hiyo alionekana mdogo, kama mtu aliyeitwa ofisini. Mvua zilikuwa zinaisha. Alikuwa anaelewa, kama nilivyoelewa mimi, kwamba gari hili likiondoka na Babu, na basi la Iringa likaondoka na mama, yeye atabaki na mbao nyeusi kando ya maji.

"Sina neno, kaka," alisema mwishowe. "Ila aliyembeba mzee si mimi. Aulizwe aliyembeba."

"Aulizwe mwanamke?"

"Aulizwe mke wangu. Akisema mzee aende, nitampakia mwenyewe. Akisema na yeye amechoka, nitamsindikiza kwao, na sitamlaumu." Akanigeukia. "Tusa, nenda kamuulize mama. Atakachosema kilete hivyo hivyo."

Nilivuka uwanja ule. Mama alikuwa anabandua tope lililokauka kwenye vidole vyake vya miguu. Nikamwambia nilichotumwa. Akaendelea kubandua tope kitambo, nami nikasimama pale nikimtazama mdomo, kwa sababu kama angesema vibaya sikuwa tena na ruhusa ya kuyapamba maneno yake.

Nikarudi. Nikasimama katikati ya mabenchi.

"Mama anasema mzee haendi popote. Anasema yeye amembeba, anaujua uzito wake. Anasema ni mwepesi mno, mtu mwepesi hivyo hapelekwi kwenye baridi, anahitaji kula." Nikavuta pumzi. "Na anasema Igowole ataenda kusalimia tu, halafu atarudi."

Mmoja wa wazee akaanza kutafuta kitu mfukoni ambacho hakikuwepo.

Baba akasimama. Aliwaacha wakubwa zake kwenye mabenchi, akavuka uwanja mpaka kwenye migomba, akachuchumaa kando ya mama, bega kwa bega, naye akatupa mgongo sote kama yeye. Mwanaume mzima, seremala, mbele ya kaka yake na baba yake. Mama hakumtazama. Alisogea kidogo tu kumpa nafasi.

Babu alisikia uwanja umekuwa kimya na hakujua kwa nini. Akanivuta mkono wa gauni.

"Tusa. Baba yako amekwenda wapi?"

"Yuko kwa mama."

"Wanafanya nini?"

Nikatazama tena ili nihakikishe. "Wamechuchumaa tu, Babu. Wote wawili."

Babu akatikisa kichwa polepole, midomo inacheza bila sauti.

"Waache," alisema. Kisha akageuza uso kule alikodhani Baba Mkubwa amekaa, akamuuliza kama gari lake lina nguvu ya kuleta mbao za kuinulia nyumba.